Mwongozo kamili wa kujaribu programu: mfumo mmoja wa safari Arusha, kuanzia tiketi hadi toleo

Ukimwambia mtu hapa Arusha kwamba kazi yako ni kujaribu programu, swali la kwanza huwa: "Kwa hiyo unalipwa kubofyabofya?" Nimeshazoea. Siku hizi najibu kwamba nalipwa kuandika. Kubofya kila mtu anaweza. Kueleza kilichotokea kwa namna ambayo mtu mwingine, aliyekaa Njiro au Nairobi, atakifanya kitokee tena mbele ya macho yake, hapo ndipo mshahara unapotoka.

Mwongozo huu ni wa anayeanza: aliyemaliza chuo juzi, au aliyekuwa huduma kwa wateja akahamishiwa meza ya majaribio bila mafunzo. Hao wa pili mara nyingi huwa wazuri sana, kwa sababu wameshasikia wateja wakilalamika. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mfumo wa kampuni ya utalii, wa kubuni, ambao mgeni anachagua safari, anajaza majina ya wasafiri, analipa, kisha anapata vocha ya kumwonyesha dereva.

Hatua ya 1: Soma tiketi kabla ya kugusa kitu

Asubuhi unakuta tiketi, yaani ombi la kazi kwenye mfumo wa kufuatilia kazi za timu, imeandikwa: "Mtoto alipe bei ya mtoto." Basi. Developa, yaani mwandishi wa programu, ataielewa kivyake, mwenye bidhaa, yaani anayeamua programu ifanye nini, alikuwa na lake kichwani, na wewe ukinyamaza utakuja kuwa mwamuzi wa ugomvi wiki ijayo.

Kwa hiyo uliza. Viingilio vya hifadhi za taifa vinatenganishwa kwa umri: walio chini ya miaka 5 hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao, na kuanzia 16 ni mtu mzima. Je, umri unahesabiwa siku ya kuhifadhi nafasi au siku ya kufika getini? Binti aliyehifadhiwa nafasi Machi akiwa na miaka 15 anaweza kufika Agosti akiwa na 16, na askari wa getini anasoma pasipoti, hasomi vocha yako. Hiyo tofauti ya bei itatoka mfukoni mwa nani? Na hoteli, ambazo kila moja ina mpaka wake wa umri wa mtoto, zinaingiaje kwenye hesabu?

Maswali hayo yaandike kwenye tiketi yenyewe, usiyaandike kwenye kundi la WhatsApp. Kwenye kundi yatafunikwa na picha za harusi kabla ya saa sita mchana. Kwenye tiketi, jibu linabaki na tarehe na jina la aliyelitoa, na utalihitaji kwenye hatua ya 6. Hujafungua programu bado, na huenda umeshaokoa siku mbili za kazi.

Hatua ya 2: Andaa meza

Hakikisha uko kwenye seva ya majaribio na si ile ya wateja. Inaonekana jambo dogo. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilituma vocha za majaribio kwa wageni halisi, mmoja wao akajibu kwa heshima kuuliza kwa nini anaitwa Bwana Test Test. Tangu siku hiyo kila ninapofanya kazi naomba ukurasa wa majaribio uwekwe mstari mwekundu juu, mpana, usioweza kukosekana hata ukiwa umechoka.

Data nayo uitengeneze mwenyewe. Usikubali kunakili hifadhidata ya wateja "kwa majaribio tu". Mle mna namba za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, maelezo ya maradhi na mizio ya chakula. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, hakuna mgeni aliyempa mwongoza watalii pasipoti yake ili wewe ujifunzie.

Ukibuni majina, buni yanayouma. Weka jina lenye ng' ndani yake, kama Ng'homa: ile alama ya juu imeangusha fomu nyingi kuliko wadukuzi. Weka la Kimaasai linaloanza na Ole, lenye maneno mawili kwenye sehemu ya ukoo. Weka mgeni mwenye jina moja tu. Weka Mfaransa mwenye é. Na kama mfumo una sehemu ya kutafuta, weka akina Massawe na Mosha arobaini, maana ofisi yoyote ya Moshi itakuwa nao, na ndipo utakapojua kama ukurasa wa pili wa matokeo unafunguka.

Vifaa: kompyuta yako, iPhone moja kwa sababu wageni wengi wanazo, na Tecno au Itel ya bei ya chini ambayo nafasi yake imejaa picha. Hiyo ya mwisho ndiyo ya dereva, usiidharau.

Hatua ya 3: Jaribio la moshi

Halina uhusiano na mji wa Moshi, ingawa utani huo hautaukwepa. Jina limetoka kwa mafundi wa umeme: unawasha kifaa kipya, ukiona moshi unazima, hakuna haja ya kupima zaidi. Toleo jipya la programu likifika, tumia dakika kumi: ingia, chagua safari moja, jaza msafiri mmoja, lipa, pata vocha. Kimoja kikigoma, rudisha toleo kwa developa na uendelee na kazi nyingine. Usianze kuorodhesha kasoro ndogondogo za nyumba isiyo na mlango.

Hatua ya 4: Buni majaribio

Hapa ndipo anayeanza hupotea, kwa kuwa anajaribu kila kitu. Kujaribu kila kitu hakuwezekani, kwa hiyo chagua.

Anza na mipaka. Kwa sheria ile ya umri huna haja ya kujaribu miaka 7, 8, 9 na 10; kwa mfumo wote hao ni mtoto mmoja. Jaribu 4 na 5, kisha 15 na 16. Developa akiandika "zaidi ya 5" mahali pa "5 na zaidi", ni mtoto wa miaka 5 kamili tu atakayemuumbua. Halafu ongeza vituko: mtoto wa mwezi mmoja, tarehe ya kuzaliwa ya kesho, mzee wa miaka 150, sehemu iliyoachwa tupu, na aliyezaliwa tarehe 29 Februari.

Kisha tarehe na saa. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipookota kasoro za gharama kubwa.

Mtego wa kwanza ni wa dunia nzima. Sisi tuko saa tatu mbele ya UTC, saa rasmi ya kimataifa, mwaka mzima, wala hatubadilishi majira. Mgeni akichagua tarehe 15 Agosti, na mfumo ukaichukulia kuwa usiku wa manane wa Tanzania, seva inayohesabu kwa UTC itahifadhi tarehe 14 Agosti, 21:00. Mgeni huyo akiifungua vocha akiwa New York, kivinjari chake kitaigeuza kuwa tarehe 14, 17:00. Anakata tiketi ya ndege ya siku moja kabla, na kwenye skrini yake hakuna alipokosea. Jaribio lake ni rahisi: badilisha majira ya saa ya kompyuta yako yawe ya New York, hifadhi nafasi, soma vocha. Rudisha majira ya hapa, soma tena. Tarehe ya kuanza safari haipaswi kusogea.

Mtego wa pili ni wetu wenyewe. Mfumo mmoja nilioujaribu ulikuwa na vocha ya Kiingereza kwa mgeni na ya Kiswahili kwa dereva. Ya Kiingereza iliandika 12:00, adhuhuri. Ya Kiswahili ikaandika "saa 12:00", tafsiri safi kabisa, na developa wawili wakaipitisha. Dereva anayeisoma atafika hotelini saa kumi na mbili asubuhi, kupambazuka, na kukaa saa sita akimngoja mgeni aliyelala. Niliikamata kwa bahati: nilimpa dereva karatasi nikamwomba aisome kwa sauti na aniambie angeondoka nyumbani saa ngapi. Tangu hapo hilo ni jaribio rasmi kwenye orodha yangu. Maandishi ya Kiswahili hayajaribiwi na aliyeyatafsiri. Anayejaribu ni atakayeyafanyia kazi. Siku hizi vocha inaandika "saa 6:00 mchana, yaani 12:00", na hakuna aliyelalamika kwamba ni ndefu.

Pesa ina mitego yake. Sisi tunaandika 150,000 kwa mkato katikati. Kwenye JavaScript, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, amri ya parseFloat, ya kugeuza maandishi kuwa namba, ikipewa maandishi hayo inasoma 150 na kuishia kwenye mkato, bila kulalamika. Huduma ya laki na nusu inauzwa kwa shilingi mia moja na hamsini. Kwa hiyo kila sehemu ya kiasi ijaribu ikiwa na mkato, bila mkato, ikiwa na nafasi, na ikiwa na herufi. Kwa dola, angalia senti zinavyokadiriwa. VAT ya asilimia 18 juu ya dola 10.20 ni 1.836, inakuwa 1.84, ukizidisha kwa watu watatu unapata 5.52. Ukikokotoa juu ya jumla ya 30.60 unapata 5.51. Senti moja. Mhasibu ataiona mwisho wa mwezi na atakupigia simu wewe, kwa hiyo uliza mapema ni hesabu ipi anayoitaka.

Hatua ya 5: Malipo, na hasa yanayokatika njiani

Kila mfumo nilioujaribu ulipokea malipo vizuri pale kila kitu kilipokwenda vizuri. Hilo limalize haraka uende kwenye mabaya.

Mteja anachagua kulipa kwa simu. Ombi linajitokeza kwenye skrini yake likidai namba ya siri. Akosee namba ya siri. Aghairi. Salio lisitoshe. Simu iite katikati. Aweke simu mezani mpaka ombi liishe muda. Kwa kila mojawapo, soma ujumbe anaoupata: je, unamwambia kama pesa imekatwa au haijakatwa? "Hitilafu imetokea" si ujumbe. Mtu aliyeona laki tatu zikielea anataka kujua zilipo.

Angalia pia mfumo unavyotambua mtandao wa simu. Wengi wanabashiri kwa tarakimu za mwanzo za namba, lakini tangu 2017 Mtanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake. Namba inayofanana na ya mtandao mmoja huenda iko kwa mwingine. Tafuta laini moja iliyohamishwa, itunze kama mboni ya jicho, na uijaribu kwenye kila toleo.

Kasoro mbaya kuliko zote ni hii: mteja amelipa, pesa imekatwa, ila uthibitisho haujafika kwenye seva yenu. Ukurasa unazunguka. Anabofya Lipa tena. Sasa amelipa mara mbili na ana vocha mbili, au hana hata moja. Huwezi kuisubiri itokee yenyewe. Mwombe developa seva bandia ya malipo unayoweza kuiamuru ichelewe dakika kumi, inyamaze kabisa, au itume uthibitisho uleule mara mbili. Kwa kutuma mara mbili unaweza pia kutumia Postman, programu ya kutuma maombi kwenye seva kwa mkono: chukua ujumbe wa uthibitisho, utume, utume tena. Namba moja ya kumbukumbu ya malipo inapaswa kuhesabiwa mara moja tu, hata ije mara kumi.

La mwisho hapa: bonyeza F12 kwenye kivinjari cha kompyuta, fungua sehemu ya mtandao (Network), tazama kiasi kinachotumwa kwenda kwenye seva. Nakili ombi hilo, badilisha 450000 iwe 450, ulitume. Seva ikikubali, simama, nenda kwa developa kwa miguu. Hilo si la kusubiri tiketi.

Hatua ya 6: Andika kasoro

Hivi ndivyo wengi wanavyoandika: "Bei ya mtoto haifanyi kazi. Angalieni haraka!!!" Developa atajaribu mtoto mmoja, ataona bei iko sawa, atafunga tiketi. Hana kosa. Andika hivi:

Kichwa: Msafiri anayetimiza miaka 16 kabla ya safari anatozwa bei ya mtoto
Mahali: seva ya majaribio, toleo 2.4.1, Chrome, Android 11
Kabla ya kuanza: ingia kama mgeni asiye mkazi, tarehe ya leo ni 3 Machi 2026
Hatua: 1. Chagua Tarangire siku 3, kuanzia 10 Agosti 2026. 2. Ongeza msafiri aliyezaliwa 20 Juni 2010. 3. Bofya Hesabu Bei.
Kilichotarajiwa: bei ya mtu mzima, kulingana na jibu la mwenye bidhaa kwenye tiketi
Kilichotokea: bei ya mtoto
Marudio: mara 5 kati ya 5. Inatokea pia kwa aliyezaliwa 10 Agosti 2010. Haitokei kwa aliyezaliwa Februari 2010.
Viambatisho: video ya sekunde 20

Tazama mstari wa marudio. Ule wa "haitokei" ndio uliomaliza kazi: aliyezaliwa Februari ameshatimiza 16 leo hii, wengine wawili bado. Developa akisoma hapo anajua kwamba mfumo unahesabu umri kwa tarehe ya leo badala ya tarehe ya safari, kabla hajafungua hata faili moja. Dakika tano ulizotumia kutafuta mahali kasoro isipotokea zinamwokolea saa nzima.

Kichwa kiwe sentensi inayojitosheleza. Tiketi moja, kasoro moja. Ukizifunga tatu pamoja, mbili zitatengenezwa na ya tatu itafungwa nazo. Tenganisha pia uzito na haraka. Neno "Kilimanjoro" kwenye ukurasa wa kwanza halimzuii mtu kulipa, uzito wake ni mdogo, lakini litengenezwe leo kabla bosi hajaliona. Mfumo kuanguka kwa mgeni anayehifadhi nafasi za watu 60 ni jambo zito, ila linaweza kungoja kama hakuna kundi kama hilo linalotarajiwa.

Na ile iliyotokea mara moja ukashindwa kuirudia? Iandike pia, useme wazi kwamba hukuweza, uweke saa, dakika na sekunde. Developa atatafuta muda huo kwenye kumbukumbu za seva. Bila saa, umempa uvumi.

Hatua ya 7: "Kaka, kwangu inafanya kazi"

Utalisikia hili kila wiki. Usibishane kwenye tiketi. Chukua simu yako, nenda mezani kwake, mfanye hatua zilezile sambamba mpaka muone mnapotofautiana: lugha ya simu, majira, akaunti ya msimamizi dhidi ya akaunti ya mgeni, data ya zamani iliyobaki kwenye kivinjari. Tofauti ipo.

Sema "mfumo umetoza bei ya mtoto", usiseme "umekosea bei". Na usiipeleke kasoro kwenye kundi lenye bosi kabla aliyeiandika hajaisikia. Utashinda siku hiyo, na kwa miezi sita hakuna atakayekuonyesha kazi yake mapema.

Hatua ya 8: Rudia

Kasoro ikirudi imetengenezwa, fuata hatua zako zilezile, kisha jaribu majirani zake. Aliyegusa hesabu ya umri huenda amegusa punguzo la wanafunzi. Kurudia kote huku ndiko kunakochosha, na ndiko panapofaa kukabidhiwa mashine: Playwright, Selenium au Cypress ni zana za kuendesha majaribio zenyewe, chagua inayotumia lugha ambayo developa wenu wanaijua ili wakusaidie inapovunjika. Lakini usianze na zana. Mtu asiyejua kubuni jaribio la umri wa miaka 5 atajenga roboti isiyojua hilo pia, ila kwa kasi.

Kuhusu vyeti, kwa kuwa huulizwa: ngazi ya msingi ya ISTQB, bodi ya kimataifa ya vyeti vya wajaribu programu, ina maswali 40, dakika 60, na unafaulu kwa 26. Anayefanya mtihani kwa lugha isiyo yake huongezewa robo ya muda, kwa hiyo ukifanya kwa Kiingereza omba dakika zako 15. Kinakupa msamiati na kinafungua milango ya usaili. Hakikufundishi kumpa dereva karatasi asome.

Hatua ya 9: Toleo linapotoka

Pinga toleo la Ijumaa jioni, hasa kati ya Juni na Oktoba, msimu ambao kila gari la watalii liko barabarani. Kabla ya uamuzi, andika ukurasa mmoja: kilichojaribiwa, ambacho hakikujaribiwa na sababu yake, kasoro zilizo wazi na zitakavyomgusa mgeni. Kutoa au kutotoa ni uamuzi wa mwenye bidhaa. Kazi yako ni kwamba asije akasema hakuambiwa.

Toleo likishatoka, fanya ununuzi mmoja halisi wa bei ndogo kwa simu yako, kisha omba urudishiwe pesa; hilo nalo ni jaribio. Asubuhi yake, kabla ya kufungua tiketi mpya, chukua ripoti ya malipo ya usiku. Linganisha idadi ya malipo yaliyothibitishwa na idadi ya vocha zilizotumwa. Zikipishana hata kwa moja, hiyo ndiyo kasoro ya kwanza ya siku, na uiandike pamoja na saa yake.